Chupa ya Nado

Siku zote, kabla jua halijatokeza juu ya milima ya Upare, Naeku huwa ameshaanza kukamua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na boma lao lilikuwa nje kidogo ya Makanya, ng'ambo ya reli. Lakini Jumamosi ile ilikuwa na mambo yake. Kiunoni alifunga mfuko wenye chupa nane ndogo, kila moja na namba yake, na moyo ulimdunda kwa furaha.

Chupa alipewa na dada Resian, binti wa shangazi yake. Resian alikuwa akisoma sayansi ya tiba chuo kikuu, na miezi hiyo alifanya mafunzo katika maabara moja mjini Same. Yeyo, mama yake Naeku, alisumbuliwa na homa ya kwenda na kurudi tangu masika. Viungo vilimuuma hata kunyanyua kibuyu akashindwa. Damu yake ilipopimwa, ikaonekana ana ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe kupitia maziwa mabichi. Dawa alishaanza. Ilibaki kujua ni ng'ombe yupi anayeubeba, kwani bwana mifugo alisema huyo lazima aondolewe zizini.

"Kila ng'ombe na chupa yake," Resian alimwambia. "Usichanganye hata tone. Wewe ni mtafiti mwenzangu."

Ezra, kaka yake, aliposikia akaangua kicheko. "Mtafiti! Huyu anayepoteza kalamu kila wiki? Atazimwaga zote, utaona."

"Nenda kachunge. Hayo maneno wape mbuzi," Naeku akamjibu.

Alimkamua kila ng'ombe kidogo kwenye chupa yake, maziwa yaliyobaki akayamimina kibuyuni. Namba nne ilikuwa ya Nado, ng'ombe mwekundu aliyepewa na baba yake siku alipoanza shule. Kazi ilipokwisha, Ezra akatoa kundi kwenda malishoni. Naeku akapanga chupa juu ya gogo, akirudi nyuma kuzitazama kwa majivuno. Ndama mmoja akaja mbio, akapiga gogo kwa kichwa. Namba nne ikaanguka, maziwa yote yakanywewa na vumbi.

Kundi lilikuwa limeshazama vichakani. Bodaboda iliyomleta Resian ilisikika ikikaribia. Naeku akatazama huku na huku, kisha akakitazama kibuyu. Akainama haraka, akajaza chupa. "Maziwa ni maziwa," akajisemea, akikaza kifuniko.

Mjini Same, maabara ilikuwa na darubini, majokofu na harufu ya dawa. Mkuu wake, mama Eliaichi, mwenyeji wa Ugweno, alivaa koti jeupe. Naeku akainamisha kichwa apate kuguswa, kama watoto wa kwao wanavyoamkia wakubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtafiti wetu! Karibu."

Mama Eliaichi akamimina maziwa kwenye mirija ya kioo, akatia tone la dawa ya buluu katika kila mmoja. Akaunyanyua wa nne kwenye mwanga. "Huu una chembe nyeusi," akasema. Resian akautazama kwa muda. Akaurudisha mahali pake.

"Sasa tunasubiri saa nzima," mama Eliaichi akaeleza. "Ukiona pete ya buluu juu ya maziwa, ng'ombe huyo tunamshuku."

"Kumbe dada Resian atakuwa daktari?" Naeku aliuliza.

"Hapana," mama Eliaichi akajibu. "Daktari anamwona mgonjwa, sisi tunamtafuta adui aliyejificha kwenye damu yake. Na si damu tu. Mwenzangu niliyesoma naye anapima chanjo kabla watoto hawajachomwa. Mwingine yuko benki ya damu. Yupo pia anayechunguza vinasaba, polisi wanamtegemea."

"Polisi!" Naeku akaruka. Maswali yakamtoka kama njugu: unasoma masomo gani, miaka mingapi, msichana anaruhusiwa kushika darubini? Akaruhusiwa kuchungulia, akaona chembechembe za damu zimejaa kama mchele kwenye ungo. Kwa muda alisahau kabisa habari ya kibuyu.

Saa ikatimia. Maziwa yalikuwa meupe juu, isipokuwa mirija miwili. Wa saba ulikuwa na pete ya buluu. Na wa nne.

"Saba na nne," Resian akasema, akishika kalamu. "Nado ni wako, sivyo? Pole, mdogo wangu."

Naeku akaitazama ile kalamu. Akinyamaza, Nado ataondolewa bila kosa. Au pengine ni mgonjwa kweli, na hakuna atakayejua. Akisema, Ezra atamcheka mpaka mwaka uishe, na hapa hataitwa tena mtafiti.

"Dada, usiandike!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ya Nado ilimwagika. Hiyo nilijaza kutoka kibuyuni, ya ng'ombe wote."

Resian akaweka kalamu chini. "Zile chembe ni mkaa. Niliujua, mimi pia nimesafisha vibuyu kwa vijinga vya moto tangu utoto. Nisingeandika, lakini nilitaka useme mwenyewe."

Jioni ile Naeku alimkamua Nado upya, akaikumbatia chupa mpaka Resian alipoichukua. Jumapili wakakusanyika tena mbele ya mirija. Juu ya namba nne palikuwa peupe pe! Naeku alipiga kelele hadi mlinzi akachungulia dirishani. Pete ilibaki kwa namba saba peke yake, ng'ombe aliyetupa mimba mwaka jana. Baba akakubali aondolewe, na Yeyo akaanza kuchemsha maziwa, ingawa Ezra alilalamika kuwa hayana ladha.

Mama Eliaichi akamkalisha Naeku kwenye kiti chake kirefu.

"Dawa zangu hazijui chupa ilijazwa wapi," akasema. "Zinaamini chochote unachoziwekea. Anayejua ni mtu aliyeshika chupa, na mgonjwa anapona au haponi kwa ukweli wa mtu huyo. Chuo kikuu kitakufundisha mengi kwa miaka, lakini somo la kwanza ni hili: ukikosea, sema, kisha anza upya."

Naeku akakaa sawasawa kitini.

"Basi mama," akasema, "la kwanza nimeshafaulu. La pili ni lipi?"