Barua Si Amri

Kila asubuhi Sajenti alitandika kitanda kwa kukaza shuka, kana kwamba bado yuko kambini. Lakini alitandika upande wake tu. Upande wa mkewe, aliyefariki mwaka uliopita, hakuugusa.

Siku hiyo binti yake alimkuta ameduwaa, barua mkononi. Ofisi ya pensheni ilikuwa imeendelea kumlipa posho ya mke, ingawa mke hayupo. Sasa ilikuwa imegundua kifo hicho, ikitaka fedha zote zirudi, na ingekata nusu ya pensheni yake.

"Baba, utakula nini? Kodi je?"

"Amri ni amri."

"Kwa nini hukuwaambia kuwa mama amefariki?"

"Fomu ilitaka niandike. Mkono ulikataa."

Binti aliichukua ile barua. Kisha akampeleka kwa afisa ustawi wa askari wastaafu, mwanamke aliyewahi kuvaa kombati mwenyewe. Afisa aliisoma barua mara mbili.

"Sajenti, hii si amri. Ni dai, na dai linajibiwa."

"Nijibu nini? Fedha nimeshazila."

"Deni lipo, sikufichi. Lakini waombe mchanganuo, ujue wamehesabu kuanzia mwezi gani. Wakikosea, unakata rufaa kabla ya tarehe hii hapa chini. Na uombe wakate kidogo kidogo, ubaki na ya chakula na kodi. Ukinyamaza, watakata nusu."

"Askari habishani."

"Kambini maharage yakiungua ulinyamaza?"

"Nilinung'unika."

"Basi hapa unanung'unika kwa maandishi."

Sajenti alitabasamu kidogo. Afisa akamsogezea fomu. "Kwanza tuwape taarifa rasmi ya msiba, na tarehe yake. Hapa, hali ya ndoa."

Kalamu ilisimama hewani. "Mwanamume aliyefiwa na mke anaitwaje?"

"Mgane."

"Sijawahi kuliandika."

Afisa akageukia dirisha. Sajenti akaandika herufi moja moja, machozi yakimdondoka, wala hakuyafuta.

Jibu lilikuja baadaye. Ofisi ilikuwa imehesabu hata miezi ambayo mkewe alikuwa hai. Miezi hiyo iliondolewa. Deni lililobaki lingekatwa kidogo kidogo, na kodi ingelipika.

"Umeshinda, baba," binti alisema.

"Nimechelewa tu kusema," alijibu.

Kesho yake alitandika kitanda polepole. Alikaza shuka upande wake, akazunguka, akakaza na upande wa pili.