Siku Dawa ya Bibi Loisi Ilipokuwa Tamu

Itangazwe kuanzia Mlowo hadi mpakani Tunduma: wizi wa karne umekitikisa kijiji cha Hasamba! Kilichoibwa ni dawa ya kujaa chupa moja ndogo, kama ile ya kikohozi.

Inspekta Gwalugano alipofika, hakuna aliyecheka. Chumbani, Bibi Loisi, mgonjwa wa saratani, alikuwa amekunja magoti huku ameuma pindo la kitenge. Jasho lilimtiririka.

"Nimempa dozi, maumivu hayashuki," alisema Nesi Marita, anayewauguza majumbani wagonjwa ambao hawatapona. "Nikaionja. Hii si mofini, ile dawa kali ya maumivu, afande. Ni juisi."

"Mofini ina wateja mpakani," alisema Inspekta. "Na aliyeisaini ni wewe. Isipoonekana, unalala mahabusu."

"Nifunge kesho, afande. Leo nitafutie dawa. Nyingine inakuja wiki ijayo, na huyu hawezi kungoja." Hakuinua hata uso. Alikuwa analowesha midomo ya Bibi kwa pamba.

Inspekta akamgeukia Barnaba, mtoto wa Bibi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mlowo, kuuza kahawa."

"Kahawa tu?"

"Afande, huyo ni mama yangu!"

Mlangoni alisimama mjukuu aliyekuja likizo, mwanafunzi wa bweni, kijana mwenye adabu adimu na akili nyingi. Inspekta aliinusa chupa, kisha akainama kitandani.

"Mama, dawa ya leo ilikuwaje?"

"Tamu," Bibi alinong'ona. "Kama ya sherehe ya kipaimara."

"Juisi ya unga," alisema Inspekta. "Nyekundu kama dawa yenyewe. Chakula kikuu cha mabwenini." Akageuka taratibu. "Kijana, toa ulimi."

Nakiri kwamba ulimi ulikuwa mwekundu. Nakiri pia kwamba ulimi huo ni wangu.

"Unamfanyia mzaha bibi yako anayekufa?" Baba mdogo Barnaba alinguruma.

"Si mzaha!" nililia. "Nesi alipeleka chupa kama hii kwa mzee Luka, akafa. Akapeleka kwa mama Dina, akafa. Nikajua ndiyo inayowaua. Nikasema, bibi asipoinywa..."

Nesi Marita alinishika bega. "Mwanangu, mimi huitwa wakati hospitali imeshashindwa. Dawa hii haileti kifo. Inamwondolea mateso tu. Iko wapi?"

"Kwenye chupa ya maji, ndani ya gunia la kahawa. Sikumwaga hata tone."

Nilikimbia kuileta. Nesi aliipima, akamnywesha polepole. Kisha tukasubiri. Niliushika mkono wa Bibi, na kila alipoguna vidole vyake vilinibana, nami nikajua nani amembana yeye tangu asubuhi. Hatimaye magoti yake yakaanza kunyooka.

"Afande, nitafungwa?" niliuliza.

"Bado nafikiria."

Bibi alifumbua jicho moja. "Muache huyo. We mjukuu wangu."

"Naam, bibi."

"Kesho niletee tena ile tamu. Lakini baada ya dawa."