Mzigo wa Njia ya Wapagazi

Siku ile tulikuwa tunapeleka uji tu.

Carmel, Mkongomani tuliyesuka naye nywele saluni moja mjini Durban, alikuwa amejifungua, na mzazi haachwi ashindie chai ya rangi na mkate. Nilipotoka kazini nikashika chupa ya uji, nikamtwisha mdogo wangu Salvator furushi la nguo za mtoto, tukapanda taxi ya Bluff, kile kilima kirefu kinachotenganisha bandari na bahari. Ilikuwa Juni 1998. Huku kusini Juni ni baridi, na jua huzama mapema bila hata kuaga.

Taxi ilitushusha upande wa bandari. Carmel alikaa ng'ambo ya kilima, upande wa bahari kuu. Barabara ya lami inazunguka mbali, ila kaskazini mwa kilima kuna njia ya miguu inayokata msitu. Mwanzoni pana kibao chenye picha ya wanaume waliobeba mashua vichwani. Watu husema zamani, mlango wa bandari ulipokuwa umejaa mchanga, wapagazi walivusha mashua na mizigo kwa kupita hapo.

"Twende tu, dada," Salvator akasema. "Uji utapoa."

Salvator ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Tulipotoka Bujumbura, mama aliniambia jambo moja tu juu yake: akichoka, mpokee. Mpulungu, Lusaka, Harare, kote huko nilimpokea furushi lake, hata aliponizidi urefu.

Hatukufika mbali tukakutana na mama mmoja anateremka na kuni kichwani. Salvator akamwendea mikono mbele, kama tulivyolelewa. Kwetu humpiti mtu aliyelemewa huku wewe unapunga mikono.

"Nikusaidie, ma?"

"Cha! Cha!" yule mama akapiga kelele kwa Kizulu, hapana, hapana. Akaficha mikono nyuma, akaiacha njia, akapita kwenye miiba na kuni zake zikiyumba.

"Eish, mwone huyo!" nikasema. "Adabu wameiuza wapi watu hawa?"

Salvator alicheka. Nami nikacheka.

Ndani ya msitu giza lilikuwa limetutangulia. Nyani waliokuwa wakipiga makelele wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha ikaja harufu... chumvi, kamba mbichi za mashua, na kitu kilichooza chini yake. Mbele yetu mti ulikuwa ukilia, kwi... kwi... Lakini upepo haukuwepo.

Alikuwa mtu.

Alisimama katikati ya njia, ametupa mgongo, miguu mitupu. Maji yalimchuruzika ingawa mvua haikunyesha wiki nzima. Begani alikuwa na mzigo mrefu uliofungwa kwa turubai kuukuu.

"Nipokee..."

Alisema kwa Kiswahili. Katika msitu ule, kwa Kiswahili! Nilifungua mdomo nimzuie Salvator, lakini furushi la mtoto lilikuwa tayari mikononi mwangu, na yeye ameshainamisha bega la kushoto.

Yule mtu akanyoosha mgongo. Akashusha pumzi ndefu, ndefu mno, kama aliyezuiwa kupumua miaka. Akaingia kwenye miti. Hakuna jani lililotikisika.

"Ni mzito?" nikanong'ona.

"Mzito, dada."

"Uweke chini."

"Hauwekeki."

Ndipo kilichokuwa ndani ya turubai kikajigeuza. Kilijigeuza taratibu, kama mtoto anavyotafuta mahali pazuri mgongoni kwa mama yake.

Nililivuta lile turubai. Mkono wangu ulishika baridi, basi. Tukakimbia, naye akikimbia ameinama upande, mpaka tukaona taa za nyumba. Nilipomwangalia pale kwenye mwanga, bega lake lilikuwa tupu. Halikuwa na kitu. Lakini bado lilikuwa limelala.

Carmel alitufungulia mlango na mtoto kifuani. Alimtazama Salvator, kisha akamfunika mtoto kwa kitenge, uso na yote.

"Mulipita wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Njia ya wapagazi."

"Mulikutana na mutu?"

Nikamweleza. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mungu wangu, Diane... Huku watu hawapokeane mizigo pale! Banasema iko mupagazi moya alianguka mule, benzake bakamupita, bakamuacha. Sasa anatafuta wa kumubeba."

"Na anatoka vipi?"

"Mutu mwingine amupokee. Kwa kupenda kwake." Akatazama chini. "Ndiyo banasema. Miye sijui."

Ule uji hakuugusa.

Mwaka umepita. Hospitali wakampiga picha, wakasema mifupa yake ni mizima. Kanisani wakamwekea mikono, mchungaji akaenda kukaa akisugua kiganja chake. Salvator anakula sahani mbili na bado anakonda. Analala amekaa. Wiki hii ngazi za jengo letu hapa Greyville zimemshinda, anazipanda kwa magoti.

Na kila jioni, taa za barabarani zinapowaka, mimi nikiwa jikoni, nasikia nyuma yangu:

"Nipokee..."

Nikigeuka namwona Salvator mlangoni, kichwa chini. Nilikuwa nageukia sufuria yangu, nakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa nikajichukia, maana sauti ya mama nayo ilikuwa haininyamazii. Akichoka, mpokee. Na mdogo wangu alikuwa amechoka hadi anakwisha mbele ya macho yangu.

Jana ikaja tena.

"Nipokee..."

Nikaweka mwiko. Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikamsogelea mpaka nikaisikia harufu ya kamba mbichi, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Lete, mdogo wangu. Umechoka."

Salvator akainua kichwa. Macho yakamtoka. Akaficha mikono nyuma, kama yule mama wa kuni, akajibana kwenye fremu ya mlango.

"Dada... unaongea na nani?"

"Na wewe. Si unaniomba kila jioni?"

"Mimi?" Machozi yalikuwa yanamteremka. "Sijawahi kukuomba. Hata siku moja! Ningekuombaje kitu kama hiki? Rudisha mikono, dada. Rudisha..."

Bega lake la kushoto likaanza kupanda. Polepole. Likalingana na la kulia. Akashusha pumzi ndefu, ndefu mno.

Mikono yangu ilikuwa bado imenyooka.