Kibonyezo cha Mwisho Kulia

“Chukua posa yako urudi nayo,” aliniambia. “Si mimi, Fundi. Ni marehemu amekataa.”

Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwake, bisibisi mkononi, kichwa kiko ndani ya kinanda cha umeme alichokiacha marehemu mumewe. Niliinuka kwa pupa, nikajigonga kwenye mfuniko.

“Amekataa vipi? Amekupigia simu?”

“Usifanye mzaha. Jana saa kumi kimelia tena. Ting! Nikatoka chumbani, hakuna mtu. Na waya haukuwa kwenye umeme.”

Wiki tatu nzima, tangu nimrudishie kinanda, ujumbe wake kwenye simu ulikuwa ule ule: “Kimelia.” Kesho yake: “Kimelia tena, sauti ile ile ya juu kabisa. Naogopa.” Yeye ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku hujilaza mchana, na hapo ndipo kilipokuwa kinamwamsha.

Lawama nilizibeba mimi. Kinanda kilikaa miaka minne chini ya shuka mpaka alipokileta karakana nikifufue. Kazi ya miezi miwili niliivuta hadi mitano ili aendelee kuja kuuliza, Mungu anisamehe. Ndivyo tulivyopendana. Alitaka kiwe kipya, nikakipaka kijani na kukifungia spika chini. Wifi yake, dada wa marehemu anayeishi naye, alipokiona aliuliza swali moja tu: “Kwani cheusi kilikuwa na ubaya gani?”

“Nipe nusu saa,” nikamwomba. “Nikikosa sababu nafungasha vifaa vyangu, sitakusumbua tena.”

“Na ukiipata?”

“Utanijibu upya.”

Vinanda hivi vya zamani, ukibonyeza, nyundo ndogo yenye ncha ya mpira hugonga kijiti cha chuma. Hata bila umeme kijiti hulia, ila kwa mbali. Ncha zote sabini na tatu nilizibadilisha kwa mkono wangu, na tangu hapo mwenye kinanda alikuwa anaogopa hata kukipangusa vumbi. Nikazikagua moja moja. Sabini na mbili zilikuwa laini kama siku nilipozigundisha. Ya mwisho kulia ilikuwa imechimbika mfereji.

Nakiri nywele zilinisimama. Halafu akili ikanirudia.

“Njoo uone. Huu mfereji ni wa kugongwa, tena kwa nguvu, tena mara nyingi. Mizimu haichakazi mpira.”

Akatazama. Kisha akageukia jikoni, ambako sufuria iliyokuwa inasuguliwa ilinyamaza ghafla.

“Wifi,” akaita taratibu.

Wifi akatoka, mikono inachuruzika maji.

“Ni mimi,” akasema.

“Wiki tatu silali! Nimemwomba marehemu msamaha kwa kosa nisilolijua! Nimekukosea nini, wifi?”

“Mwanzo sikutaka kukutisha. Kaka alinifundisha kibonyezo kimoja tu, hicho hapo. Anapiga wimbo, mimi nasubiri. Akiniangalia, ndipo nabonyeza, wimbo umeisha. Kinanda kiliporudi nikataka kujua kama bado kinalia. Kikalia vile vile.” Akajipangusa mikono kwenye gauni. “Ulipotoka umeshtuka nikajificha. Halafu nikakusikia unamwambia Fundi labda usiolewe. Nikaendelea.”

“Kumbe unamchukia?”

“Nimchukie kwa lipi? Kila Jumapili anakula hapa, na sahani anaosha. Ukiolewa, mimi nitakuwa wifi wa nani? Mama hayupo, kaka hayupo. Humu ndani nitaitwa nani? Mpangaji?”

Muuguzi wangu alikuwa na hasira, niliiona usoni. Lakini alikaa sakafuni, akamvuta mwenzake, wakalia pamoja kilio walichokuwa wanafichana miaka minne. Mimi nilibaki na bisibisi yangu, sina pa kuiweka.

Ndipo nikasema jambo ambalo sikulipanga.

“Kwetu nilizaliwa peke yangu. Hata posa iliyoletwa hapa niliibebesha jirani.”

“Kwa hiyo?” akauliza wifi, akijifuta kamasi.

“Kwa hiyo natafuta dada. Ukikubali, huyu atabaki wifi yako.”

Akanipima kwa macho, juu mpaka chini.

“Dada mkubwa au mdogo?”

“Mkubwa.”

“Basi nisikilize, mdogo wangu. Hiyo kijani ni mbaya.”

Jioni simu yangu ikatoa mlio: “Jibu jipya: nimekubali. Njoo na rangi nyeusi.”

Siku ya harusi dada yangu alikaa upande wangu, mstari wa mbele, kichwa juu. Nikakaa kwenye kinanda na kupiga wimbo wa kaka yake, ambao dada mwenyewe alinifundisha kwa kuniimbia. Nilikosea mara mbili. Nilipofika mwisho nikainua mikono, nikamwangalia.

Akasimama, akaja, akabonyeza.

Mke wangu aligeuka haraka kutazama mlangoni, kama mtu aliyeitwa. Hapakuwa na mtu. Akatazama kidogo, kisha akanishika mkono.