Sauti ya Kulwa Ilirushwa Pamoja na Nyimbo

Nina miaka ishirini na mbili, nasoma chuo kimoja huku Nyegezi. Naitwa Doto. Ukisikia Doto, ujue yupo Kulwa... na mkasa huu umempata Kulwa, pacha wangu, ambaye tunafanana mpaka sauti.

Wasomaji wenzangu, naandika haya huku nikishtuka kila mlango unapogongwa.

Kulwa aliolewa na mwanamume mwenye duka la spea za pikipiki kule Mkolani. Kipigo alichokuwa anakula kwa shemeji yule sitakieleza chote. Mwaka huu alitoroka, akahifadhiwa Buswelu na mama mmoja anayesali naye. Katika ndugu zetu wote, ni mimi tu niliyejua. Aliogopa hata kuongea na simu. Alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, kisha anazima simu.

"Doto, nimefika Buswelu," alisema akilia. "Ni geti la kijani, nyuma ya mashine ya kusaga. Usimwambie mtu... huyu akinipata ataniua."

Niliuhifadhi ujumbe ule kwenye simu yangu, humo humo penye nyimbo. Nikimkumbuka, nausikiliza.

Sasa pale chuoni mimi nilikuwa naitwa Redio! Wimbo ukitoka tu ninao, na sikuwahi kulipia hata mmoja. Anayetaka anakuja na simu yake namrushia, naye anamrushia mwenzake. Rehema, ninayeishi naye chumba kimoja, alikuwa amejiunga na huduma halali ya muziki, anasikiliza humo humo. Aliniambia wasanii nao wanakula kwa jasho lao. Nilimcheka! Nilimuuliza, mwenzetu unalipia upepo?

Siku moja Juma, tunayesoma naye, aliniomba nyimbo za kupiga kwenye saluni ya kaka yake, kinyozi wa Mkolani. Nilikuwa nawahi kipindi. Badala ya kuchagua wimbo mmoja mmoja, niligusa palipoandikwa "zote"... zikaenda. Hivi ningepungukiwa nini kama ningechelewa darasani?

Baada ya siku chache Juma alinikuta kantini, akaanza kunicheka.

"Redio, kumbe unaigiza! Umejirekodi unalia katikati ya nyimbo?"

Nilimwambia sijawahi kujirekodi.

"Acha zako, sauti yako siijui? Asubuhi hii pale saluni jamaa wa duka la spea alikuwa ananyolewa, akaomba irudiwe. Akaomba arushiwe na yeye. Ameondoka kichwa nusu hakijanyolewa!"

Jamani! Sahani ilinidondoka. Nilimpigia Kulwa... imezimwa. Nikapiga tena... imezimwa! Nilipanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa nasema Mungu wangu, Mungu wangu, sala nyingine zote zilinipotea.

Nilikuta geti la kijani liko wazi, watu wamejaa. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa chini, kanga imechanika. Nilimpa shikamoo. Alinionyesha uani kwa kidole.

Kulwa alikuwa hai. Mkono umevunjika, uso umevimba, damu mpaka kwenye nywele. Vijana wa mashine ya kusaga ndio waliomnyang'anya shemeji panga, lakini aliwaponyoka. Mpaka leo polisi hawajampata.

Pacha wangu alinitazama, akaniuliza, "Ulimwambia nani?"

Nilimwambia sikumwambia mtu, ujumbe wake uliondoka na nyimbo.

"Nyimbo?" alisema. "Doto... nyimbo?"

Alipotoka hospitali alihama na mkono wake ukiwa kwenye plasta. Siku nyingine hunipigia kwa simu ya kuazima. Nilipomuuliza anaishi wapi aliniomba nisimuulize tena. Tulikaa tumbo moja sisi! Leo sijui analala wapi, na najua ni kwa sababu yangu.

Wadogo zangu wa vyuoni, nawasihi, sikilizeni muziki kwa njia halali. Msizoee kumwagiana kila kilichomo kwenye simu kama mimi, maana ndani ya simu mna watu waliowaamini.

Mimi nimefuta kila kitu kwenye simu yangu. Za wenzangu sina uwezo nazo, na bado sauti ile inarushwa kila siku... Ukisikia katikati ya nyimbo zako dada analia na kumwita Doto, tafadhali usiicheke wala usimrushie mtu. Ifute! Yule ni Kulwa, na mumewe bado anamtafuta.