Sufuria Lililosuguliwa Kupita Kiasi

Saa saba mchana chakula kilikuwa mezani. Wali na mchuzi wa nyanya wenye ndimu. Mama mkwe hakugusa kitu. Alimkazia macho mkamwana wake.

"Anza wewe."

"Mimi, mama?"

"Si wewe uliyepika? Kula tukuone."

Mkamwana akala. Mumewe akala pia, huku akinuna. "Mama, jamani! Huyu ni mke wangu, si jambazi."

Roho ya mama mkwe haikutulia. Binti huyu alikuwa na wiki tatu tu ndani ya nyumba, na tayari walikuwa wameumwa mara mbili. Kichefuchefu, matapishi, tumbo kukata. Na chakula kilikuwa na ladha ya ajabu, kama umelamba ufunguo. Zamani tumbo la mama mkwe lilikuwa linasaga hata misumari!

Nusu saa haikupita. Mwanawe alikimbilia nje kutapika. Mkamwana akamfuata, ameshika tumbo. Mama mkwe, ambaye hakula, alikuwa mzima kabisa.

"Na kuigiza anajua," alijisemea.

Mwanawe aliporudi, alimwambia wazi, "Kesho kutwa mkeo arudi kwao. Ama yeye, ama mimi."

Asubuhi iliyofuata aliweka kigoda mlangoni mwa jiko. Alilinda kila kitu: chumvi, maji, mikono ya mkamwana. Binti aliinamia sufuria kubwa la shaba, akilisugua ndani kwa mchanga na waya. Jasho lilimtoka.

Fundi wa vyombo alikuwa anapita mtaani na begi lake. Akachungulia, akasimama ghafla.

"Nani amelivua nguo sufuria hili?"

Mama mkwe aliruka. "Nguo gani? Na wewe nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita, mama. Ila naona shaba tupu humu ndani. Mmepika kitu kichachu?"

"Nyanya na ndimu," alijibu mkamwana kwa sauti ndogo.

"Mkatapika?"

Mkamwana aliitikia kwa kichwa.

Fundi akaeleza. "Shaba ni hii nyekundu. Ndani ilipakwa bati, lile la rangi ya kijivu. Bati linazuia shaba isiguse chakula. Likiisha, nyanya, ndimu au siki zinaila shaba. Shaba inaingia kwenye mchuzi, mnaumwa."

Mkamwana aliacha kusugua. "Mimi nilidhani ule ukijivu ni masizi. Niliona aibu. Nikasugua kila siku, nikaona linang'aa."

"Fundi gani atakwambia chombo chako kizima?" mama mkwe alimgeukia fundi. "Unatafuta kazi wewe!"

"Haya, usiniamini. Leta ndimu."

Fundi alikamua ndimu kwenye sufuria, na nyingine kwenye glasi. Akatia chumvi kote kuwili. "Nitarudi alasiri. Kaa hapa hapa, mama, ulinde."

Akalinda kweli! Hata chooni alikwenda mbio. Alasiri ilipofika, maji ya glasi yalikuwa vile vile. Ya kwenye sufuria yalikuwa yameingia ukijani.

Fundi alipotoa kijiti cha bati, mama mkwe alimdaka mkono. "Nasikia wengine wanapaka madini ya risasi."

"Kweli wapo. Na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Likunje hili karibu na sikio."

Akalikunja. Krik, krik! Likalia kama mlango mkavu.

"Risasi hailii hivyo, mama. Na ukiichora kwenye karatasi inaacha alama kama penseli."

Mama mkwe alichora. Karatasi ikabaki nyeupe. Akaachia mkono.

Nje uani, fundi alilisafisha sufuria, akalipasha moto kwenye mkaa. Bati likayeyuka, akalisambaza kwa pamba mpaka ndani kote kukawa kweupe. "Osheni kwa sabuni na kitambaa laini. Msiliweke motoni likiwa tupu, bati litayeyuka. Hata kopo la nyanya ndani lina bati. Ukishalifungua, kinachobaki kitie kwenye bakuli."

Kesho yake mkamwana alipika mchuzi ule ule wa nyanya na ndimu. Mama mkwe alivuta sahani, akala wa kwanza. Akangoja. Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Tumbo kimya.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani unatutilia kitu."

"Nilijua, mama. Ulikuwa unahesabu hata vijiko."

"Nisamehe."

Mwanawe aliingia kutoka kazini. "Mama, siku uliyosema ndiyo leo. Nimpeleke kwao?"

"Umpeleke nani?" Mama mkwe alimtolea macho. "Kaa chini ule. Na vyombo utaosha wewe, kwa kitambaa laini!"