Mugi Kasema "Ta-ta"

Sogeeni, sogeeni. Nina umbea mtamu wa nyumba ya jirani.

Pale Tanga yupo Tunu. Yupo na mdogo wake, Mugi, mwenye meno mawili tu.

Tunu anatamani kitu kimoja. Anatamani Mugi amwite.

"Sema Tunu," anamwambia kila siku.

"Prrrr!" anajibu Mugi. Mate shaa!

Jioni moja Mugi kakaa mkekani. Akafungua kinywa.

"Ta-ta! Ta-ta!"

He! Nyumba nzima ikaruka.

Baba akaingia na kiatu kimoja. "Kaniita mimi! Kwetu Bukoba, tata ni baba!"

"Na mimi je?" akauliza Tunu.

Hakuna aliyemsikia.

Anti Nyambura, mke wa mjomba, akaja mbio na mwiko. "Wacha, shemeji! Kwetu Nyeri, tata ni anti. Kaniita mimi!"

"Na mimi je?" akauliza Tunu.

Hakuna aliyemsikia.

Bibi alikuwa anasuka ukindu. "Nyote hamjui kitu! Hapa kwetu, tata ni vitu vilivyosokotana. Mjukuu wangu, mume wangu huyu, kaona ukindu wangu umefanya tata. Ananionea huruma!"

"Na mimi je?" akauliza Tunu.

Wapi! Walikuwa wanagombana.

"Tata ni baba!"

"Tata ni anti!"

"Tata ni huu ukindu!"

"Nimezaa mimi, mnagombea ninyi!" akasema Mama.

Midomo ya Mugi ikatetemeka.

Ngaaa! Ngaaa!

Baba akamrusha juu. Ngaaa!

Anti akampa uji. Ngaaa!

Bibi akamwimbia. Ngaaa, ngaaa, ngaaa!

Tunu akapiga magoti. Akamtazama mdogo wake. Akamtazama vizuri.

Mugi kanyoosha mikono. Hatazami uji. Hatazami ndevu za Baba. Anachungulia nyuma ya Tunu.

"Ta-ta," akasema kwa kwikwi.

Tunu akageuka. Akainama. Mama akamfunga Mugi mgongoni mwa Tunu kwa kanga.

Kimyaaa.

"Ta-ta," akasema Mugi. Shavu lake likalala begani.

"Kumbe!" akasema Tunu. "Kwao, tata ni mgongo wa dada."

"Kwao wapi?" akauliza Bibi.

"Kwao Mugi."

Baba akakuna kichwa. Anti akalamba mwiko. Bibi akacheka hadi ushungi ukamvuka. "Basi tena! Mume kanikimbia!"

Tunu akatembea uani, tii, tii, tii. Mugi akasinzia. Tunu naye macho yakawa mazito.

Mama akawalaza kitanda kimoja. Akawashushia chandarua. Akazima taa.

"Ta-ta," akasema Mugi usingizini.

Na Tunu, macho kafumba, akaitika:

"Abee."